Wageni Waliotwaa Kombe la Wenyeji: Wasichana Wetu na Soka la Kanda



Juma lililopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alinisubiri chini ya mwembe akiwa na binti yake wa miaka 14. Hakuja kuandikisha ubatizo wala kuomba Misa ya marehemu. Aliniambia: "Baba Paroko, huyu mtoto kila jioni yuko uwanjani. Baba yake hataki kabisa. Mimi nimekwama katikati. Hebu nisaidie: huo mpira utampa nini mtoto wa kike?" Binti alikuwa akitazama chini, akichora vumbi kwa kidole cha mguu.

Nilimjibu kwa maneno machache, kama tunavyojibu watu wanapokuwa wengi mlangoni. Lakini jibu lile halikuniridhisha mimi mwenyewe. Swali la mama yule ni la haki, nalo lastahili jibu lililopimwa. Basi juma hili nimeona nilijibu kwa njia ya historia.

FAINALI YA PORT ELIZABETH

Mwezi Agosti 2019, Shirikisho la Vyama vya Soka vya Kusini mwa Afrika, yaani COSAFA, liliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya wasichana wa chini ya miaka 20. Yalifanyika Port Elizabeth, Afrika Kusini, mji ambao tangu 2021 unaitwa Gqeberha. Tanzania si mwanachama wa COSAFA. Sisi ni watu wa CECAFA, kanda ya Afrika Mashariki na Kati. Vijana wetu, timu iitwayo Tanzanite, walikwenda kule kama waalikwa tu.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Safari hii mgeni alikuja akaondoka na kombe. Chini ya kocha Bakari Shime, wasichana wetu walifika fainali wakaifunga Zambia mabao 2 kwa 1. Kombe la kwanza kabisa la mashindano hayo likapanda ndege kuja Dar es Salaam.

Ingekuwa mara moja, tungesema ni bahati. Lakini mwezi Novemba 2020, katika mji uleule, COSAFA iliandaa mashindano ya wasichana wa chini ya miaka 17. Tanzania ilialikwa tena, ikakutana tena na Zambia katika fainali, na baada ya sare ya 1 kwa 1 ikashinda kwa mikwaju ya penati. Mwezi Oktoba 2021 ikawa zamu ya dada zao wakubwa, Twiga Stars. Nao walialikwa katika mashindano ya wanawake ya COSAFA, wakaifunga Malawi bao 1 kwa 0 katika fainali. Hivyo ndani ya miaka mitatu mgeni alitwaa makombe matatu katika nyumba ya jirani.

Msemo wetu husema mcheza kwao hutunzwa. Mabinti hawa walitunzwa ugenini. Je, kwao walitunzwa? Hapo ndipo swali la yule mama linapotupeleka nyuma zaidi.

MLANGO ULIOFUNGWA KWA UFUNGUO

Wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba mpira wa wanawake ni jambo la Wazungu lililoletwa juzi kuharibu desturi zetu. Wanaosema hivyo wangeshangaa kujua kuwa Wazungu wenyewe waliupiga marufuku.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanawake wa Uingereza waliingia viwandani kutengeneza silaha, kwa kuwa wanaume walikuwa vitani. Wakati wa mapumziko walicheza mpira. Timu iliyovuma kuliko zote ilitoka katika kiwanda kimoja cha mji wa Preston, ikiitwa Dick, Kerr Ladies. Tarehe 26 Desemba 1920 timu hiyo ilicheza katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Mapato ya mechi zao yalikwenda katika kazi za huruma.

Mwaka mmoja haukwisha. Tarehe 5 Desemba 1921, Chama cha Soka cha Uingereza kilivikataza vilabu vyake kuwapa wanawake viwanja. Sababu zilizotajwa ni kwamba mchezo huo hauwafai wanawake, na kwamba fedha za misaada hazitumiki ipasavyo. Katazo hilo lilidumu kwa takriban miaka 50. Brazili, nchi inayosifika duniani kwa kabumbu, iliwakataza wanawake kwa sheria ya mwaka 1941, na zuio hilo liliendelea hadi 1979. Ujerumani Magharibi ilifanya vivyo hivyo kuanzia 1955 hadi 1970.

Ndugu zangu, tuitazame vizuri historia hii. Mtu hafungi kwa ufunguo mlango ambao hakuna anayetaka kuupita. Kama wanawake wasingekuwa na uwezo wala hamu, kusingekuwa na haja ya sheria. Kombe la kwanza la Dunia la wanawake lilichezwa China mwaka 1991, miaka 61 baada ya lile la wanaume. Wasichana wa chini ya miaka 17 walisubiri hadi 2008 ndipo wapate lao, kule New Zealand.

Na katika kanda yetu? Kombe la Gossage, mzee wa makombe ya Afrika Mashariki, lilianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Wavulana wetu, basi, wana urithi wa karibu karne nzima. Upande wa wanawake, mashindano ya kanda yalichezwa Zanzibar mwaka 1986, kisha kikafuata kimya cha miaka 30. Yalirudi mwaka 2016 huko Jinja, Uganda, na Tanzania ikaifunga Kenya mabao 2 kwa 1 katika fainali. Wasichana wadogo wa CECAFA walingoja zaidi: wale wa chini ya miaka 17 walikutana Uganda mwezi Desemba 2019, wenyeji wakatwaa kombe, na wale wa chini ya miaka 20 walikutana hukohuko mwaka 2021, Ethiopia ikashinda.

Mama aliyeniuliza swali amezaliwa na kukua katika kipindi kile cha kimya. Hakuwahi kumwona msichana wa kanda hii akinyanyua kombe. Tusimlaumu kwa kutojua jambo ambalo hakuonyeshwa.

NGAZI NA VIPANDIO VYAKE

Mwaka 2010 Twiga Stars, wakiongozwa na kocha Charles Boniface Mkwasa, walifuzu kwa mara ya kwanza fainali za wanawake za Afrika, zilizofanyika Afrika Kusini. Taifa lilishangilia. Walicheza mechi tatu, wakafungwa zote: na Afrika Kusini, na Mali, na Nigeria. Kisha tukangoja miaka 15 kabla ya kuwaona tena katika fainali hizo, nchini Morocco, mwezi Julai 2025.

Kwa nini muda mrefu hivyo? Naona sababu moja ni hii: tulikuwa na paa lakini hatukuwa na ngazi. Mwaka 2010 hatukuwa na ligi kuu ya taifa ya wanawake. Ligi hiyo ilianza mwaka 2016, na mabingwa wa kwanza walikuwa Mlandizi Queens wa Mkoa wa Pwani. Ligi ilipoanza, msichana alipata mahali pa kucheza juma baada ya juma. Mashindano ya vijana ya kanda yalipoanza, alipata mahali pa kujipima na wenzake wa nchi nyingine akiwa bado mdogo, wakati kufungwa ni somo na si aibu.

Matunda yalionekana mwaka 2022. Timu yetu ya chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilizitoa Botswana na Burundi, kisha ikaifuata Kameruni hadi Yaoundé na kuifunga mabao 4 kwa 1. Waliporudiana Zanzibar wakashinda tena, 1 kwa 0. Hivyo mabinti hawa wakawa timu ya kwanza ya Tanzania, ya wanawake au ya wanaume, kufika Kombe la Dunia la FIFA.

Fainali zilichezwa India mwezi Oktoba. Mechi ya kwanza walichapwa na Japani mabao 4 kwa 0. Wengi huku nyumbani walizima redio wakisema, tulijua tu. Siku tatu baadaye, palepale Goa, mahali alipozikwa Mtakatifu Fransisko Ksaveri, waliifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1, wafungaji wakiwa Diana Mnally na Christer Bahera. Wakatoka sare ya 1 kwa 1 na Kanada kwa bao la Veronica Mapunda, wakaingia robo fainali, ambako Kolombia iliwasimamisha kwa mabao 3 kwa 0.

Majirani zetu nao wanapanda. Mwaka 2024 wasichana wa Kenya wa umri huohuo walifika Kombe la Dunia, wakiwa timu ya kwanza ya nchi yao kufanya hivyo. Na waliojaribu kuwazuia mlangoni, katika hatua ya mwisho ya kufuzu, walikuwa wasichana wa Burundi. Burundi hii hii, ambayo watu wa hapa wana ndugu kila upande wa mpaka.

KIPANDIO CHA CHINI KABISA

Sasa turudi Kidahwe. Hapa ni njia panda: barabara moja yaenda Kasulu, nyingine Uvinza, na nyingine yateremka Kigoma ziwani. Kila siku twaona magari yakipita kwenda mbali, nasi twabaki tukiyapungia mkono. Ni rahisi kudhani kwamba mambo makubwa daima hutoka kwingine.

Lakini mkoa huu si mgeni katika soka. Ligi kuu ya wanawake ilipokuwa changa, Kigoma tulikuwa na timu ndani yake, Sisterz. Fikirini maana yake: kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 1,250 kwa reli, na mabinti wale walipaswa kusafiri hivyo ili wacheze dakika 90. Mwezi Julai 2021 Uwanja wa Lake Tanganyika ulipokea fainali ya Simba na Yanga ya Kombe la Shirikisho, na nusu ya parokia ilihamia mjini siku ile. Hakuna aliyeuliza mpira utatupa nini.

Kipandio cha chini cha ngazi ile hakiko Port Elizabeth wala Goa. Ni ile saa moja ya jioni. Mvulana akitoka shuleni hutupa daftari akakimbilia uwanjani. Dada yake ana ndoo ya maji, ana kuni, ana mdogo mgongoni. Msimu wa mawese kuna chikichi za kuchambua, na kule mwaloni kuna dagaa wa kuanika. Akimaliza, jua limezama. Akipata nafasi, kiwanja kimejaa kaka zake. Huku kwetu hakuna sheria ya 1921 wala ya 1941. Ndoo peke yake inatosha kuufunga mlango.

Kwa hiyo, mama yangu mpendwa, jibu langu ni hili. Sitakudanganya kwamba binti yako atakwenda Kombe la Dunia. Wasichana wengi wanaoucheza mpira hawatafika huko, kama vile wengi wanaosoma hawatakuwa madaktari, na hatuwatoi shule kwa sababu hiyo. Mpira utampa wenzake wa kuwategemea. Utamfundisha kufungwa manne leo na kurudi uwanjani kesho kutwa. Utampa sababu ya kubaki shuleni, maana mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA ni ya wanafunzi. Na kama kweli ana kipaji, ngazi sasa ipo. Wewe hukuwa nayo, yeye anayo.

Kwako baba wa binti huyu, nakuomba jambo dogo. Njoo umtazame akicheza walau mara moja, kisha tuzungumze mimi na wewe.

Na kwa sisi sote wa parokia hii: kiwanja kilicho nyuma ya kanisa ni cha watoto wetu wote. Nimekubaliana na viongozi wa vijana kwamba kuanzia juma lijalo Jumanne na Alhamisi jioni kitakuwa cha wasichana. Wavulana watasaidia kuchota maji siku hizo. Nimewasikia wakinung'unika tayari. Nao pia wana la kujifunza.

Nawatakieni nyote Dominika njema. Tuonane uwanjani.