Mhakiki anaweza kuokoa au kuangusha tamthilia mpya?

Tamthilia mpya inapopanda jukwaani kwa mara ya kwanza, mwandishi, mwongozaji na waigizaji husubiri wahakiki watasema nini. Wengi huamini kwamba neno la mhakiki ndilo linalojaza ukumbi au kuuacha mtupu. Historia inaonyesha kwamba jambo kubwa zaidi ni muda: je, mchezo utaendelea kuonyeshwa kwa siku ngapi, na uhakiki utamfikia mtazamaji lini?

Ulipofika kwa wakati

Tarehe 26 Desemba 1944, tamthilia ya The Glass Menagerie ya Tennessee Williams ilianza kuonyeshwa Chicago, Marekani. Mwandishi alikuwa bado hajapata jina na tiketi hazikununuliwa. Wahakiki wawili wa magazeti ya mji huo, Claudia Cassidy na Ashton Stevens, waliusifu mchezo huo na wakaendelea kuuandikia, badala ya kuandika mara moja na kunyamaza. Watu wakaanza kuja. Machi 1945 mchezo ulihamia New York, ukapata tuzo ya wahakiki wa huko, na Williams akawa mwandishi maarufu.

Ulipochelewa

Mei 1958, tamthilia ya The Birthday Party ya Harold Pinter ilifika London baada ya kupokelewa vizuri katika miji mingine ya Uingereza. Magazeti ya kila siku ya London yaliiponda, na baada ya maonyesho manane tu ikaondolewa jukwaani Jumamosi. Kesho yake, gazeti la Sunday Times likatoa uhakiki wa Harold Hobson uliomsifu Pinter kuwa mwandishi mwenye kipaji cha pekee. Sifa zilikuja, ila hapakuwa tena na onyesho la kwenda kutazama. Leo tamthilia hiyo huhesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za Pinter.

Watazamaji walipokataa

Upande wa tamthilia za muziki, mfano maarufu ni Les Misérables. Ilipoanza katika ukumbi wa Barbican, London, Oktoba 1985, wahakiki wengi hawakuipenda. Lakini ilikuwa imepangiwa wiki kadhaa, hivyo waliokwisha kuiona walipata nafasi ya kuwaambia wenzao. Tiketi zikagombewa, na kabla ya mwaka kwisha ikahamia ukumbi mwingine.

Uhakiki kabla ya onyesho

Kenya ina mfano wa aina yake. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walijenga ukumbi wa wazi kwa ajili ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu yenye nyimbo, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika hadharani. Watu walikaa, wakatazama, wakasahihisha lugha, nyimbo na namna ya kuigiza. Maonyesho yalipoanza Oktoba 2, mchezo ulikuwa umekwisha kupita mikononi mwa wahakiki wake wakali zaidi: wenye lugha na wenye maisha yaliyoigizwa.

Mchezo huo ulipendwa mno na wananchi. Kilichouangusha ni amri ya serikali, iliyofuta kibali chake Novemba 16, 1977. Mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka.

Maana yake kwetu

Katika kumbi nyingi za Afrika Mashariki, mchezo mpya huonyeshwa mwishoni mwa wiki moja au mbili. Uhakiki ukitoka Jumanne, unabaki kuwa kumbukumbu. Kumbukumbu hiyo ina faida yake, kwani humsaidia mwandishi kurekebisha na huwapa vizazi vijavyo ushahidi wa kilichofanyika. Lakini haimsaidii mwigizaji aliyecheza mbele ya viti vitupu.

Njia iliyopo ni kuwaita wahakiki na wakazi wa karibu kwenye mazoezi ya mwisho, na kuupa mchezo siku za kutosha ili habari zisambae. Na wewe msikilizaji, ukiona mchezo mzuri Ijumaa usiku, mwambie jirani kabla ya Jumamosi jioni. Huo nao ni uhakiki, tena ule unaofika kwa wakati.