Sega: Kutoka Kamari Hadi Gemu, na Kurudi

Mzazi wa Bugembe, Uganda, anayemtafuta mwanawe jioni hatofautishi chumba cha gemu na chumba cha kamari. Vyote vina kelele, taa za rangi na vijana waliopaswa kuwa kwenye vitabu. Hukumu yake ni nyepesi: mashine ni mashine, sarafu ikiingia imekwenda. Historia ya Sega, kampuni ya Japani iliyotengeneza baadhi ya mashine za michezo zilizopendwa sana duniani, inampa haki nusu. Nusu ya pili inamkatalia, na ndiyo yenye faida kwa wanaosimamia leseni zetu.

Sega haikuanzia kwenye michezo, na kusema kweli haikuanzishwa na Wajapani. Mwaka 1940, wafanyabiashara wa Kimarekani huko Honolulu, Irving Bromberg, mwanawe Martin Bromley na mwenzao James Humpert, walianza kupeleka mashine za sarafu, zikiwemo za kamari, kwenye kambi za jeshi. Askari aliye mbali na kwao, mwenye mshahara na asiye na pa kwenda jioni, ni mteja wa uhakika. Mwaka 1951 sheria ya Marekani ikapiga marufuku kusafirisha mashine za kamari kutoka jimbo moja hadi jingine. Biashara haikufa, ilivuka bahari. Bromley aliwatuma watu wake wawili Tokyo, Richard Stewart na Raymond LeMaire, na mashine zikaanza kuchuma upya kwenye kambi za Wamarekani zilizokuwa Japani. Jina la kampuni yao, Service Games, likafupishwa, likawa Sega. Anayeamini kwamba marufuku peke yake humaliza kamari angeanzia kusoma hapa.

Mgeuko ulikuja mwaka 1965, kampuni ilipoungana na ile ya David Rosen, Mmarekani aliyewahi kutumikia jeshi la anga huko Japani, ambako biashara yake ilianza mwaka 1954 kwa vibanda vya kupigia picha. Kamari iliwekwa kando, na mwaka 1966 ikatoka Periscope, mashine ambayo mchezaji aliinamia kioo cha nyambizi na kulenga meli zilizopita mbele yake, huku mstari wa taa ukionyesha kombora likikimbia majini. Huko Marekani ilitozwa senti 25, wakati kawaida ya siku hizo ilikuwa 10. Watu walilipa, ingawa hakuna aliyetoka pale na hela zaidi ya alizoingia nazo.

Ili kuona kilichokuwa kikinunuliwa, tazama Out Run ya mwaka 1986, kazi ya Yu Suzuki, ambaye mwaka mmoja kabla alitengeneza Hang-On, ile ambayo mchezaji alipanda pikipiki na kuilaza kwa mwili wake mwenyewe kwenye kona. Katika Out Run unachagua kwanza wimbo wa redio, kisha unaondoka na gari jekundu kando ya bahari. Saa inahesabu kurudi nyuma. Ukifika kituo kabla haijaisha, unaongezewa sekunde. Kila mwisho wa hatua barabara inagawanyika na unaamua kushoto au kulia. Saa ikiisha, gari linapungua mwendo hadi linasimama, basi. Sarafu ilinunua muda, na muda uliongezwa na ustadi wa mikono yako. Aliyecheza mara ya hamsini alikwenda mbali kuliko wa mara ya kwanza. Kwenye mashine ya kamari, aliyecheza mara ya hamsini hana alichojifunza. Ana hasara kubwa zaidi tu.

Atatokea wa kusema kwamba hata gemu zile zilitegwa kula sarafu, na hakosei. Watengenezaji waliziwekea ugumu makusudi ili mchezaji asikae muda mrefu, na vijana wa Tokyo na London walimaliza pesa za nauli mle. Lakini kuuza kitu ghali si sawa na kuuza tumaini la kurudishiwa fedha. Aliyeishiwa kwenye Out Run anajua amekula raha yake na anakwenda nyumbani. Aliyeishiwa kwenye kamari anaamini fedha yake bado iko ndani ya mashine, na kesho anarudi kuifuata. Imani hiyo ndiyo inayomfanya mtu auze shamba.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu imo katika historia yenyewe ya Sega. Mwaka 2001 ilitangaza kuacha kutengeneza mashine za gemu za nyumbani baada ya mashine yake ya Dreamcast kushindwa. Mwaka 2004 iliungana na Sammy, kampuni iliyotajirika kwa mashine za pachinko na pachislot, jamaa wa karibu wa zile za kamari, na ikazaliwa Sega Sammy. Mwishoni mwa 2020 ikauza sehemu kubwa ya kampuni yake ya kumbi za gemu kwa kampuni ya Genda, na sehemu iliyobaki ikaenda 2022. Je, si ushahidi kwamba gemu na kamari ni baba mmoja mama mmoja? Mimi nauona kama ushahidi wa nguvu ya fedha. Gemu inahitaji mbunifu, mwanamuziki na miaka ya kazi, na mchezaji akiichoka inakufa. Kamari haihitaji kupendeza sana, kwa hiyo zikiachwa sokoni bila kutenganishwa, kamari ndiyo hubaki na pesa za kumnunua mwenzake. Japani yenyewe, ambayo tangu 1985 imeweka kumbi za gemu chini ya sheria ileile ya pachinko na kuzilazimisha zifunge usiku, haikuruhusu chumba cha gemu kutoa zawadi ya fedha.

Uganda ina sheria ya bahati nasibu na michezo ya kamari ya mwaka 2016, inayomkataza aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari, na bodi ya taifa ya kuisimamia. Ukali huo ni sawa. Kosa ni kuumwaga hadi kwenye chumba chenye PlayStation mbili na mchezo wa mpira. Lual Mayen, aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alijifundisha mwenyewe kutengeneza gemu na akatuzwa Marekani mwaka 2018. Hakuna mashine ya kamari iliyowahi kumfundisha mtu hivyo. Ni kweli vijana huweka dau juu ya gemu ya mpira. Dau likionekana, mwenye chumba anyang'anywe leseni kama mwendesha kamari. Bugembe imo ndani ya jiji la Jinja tangu 2020, na madiwani wake wana uwezo wa kudai leseni mbili tofauti, saa za kufunga na mlango wazi saa za shule ili waliomo waonekane. Waanze na hilo katika bajeti ijayo.