Nyumba Yenye Mizuka: Victor Hugo na Mkewe Ukimbizini

Nyumba ambayo mgeni huipata haraka tena kwa bei ya chini, mara nyingi ni ile ambayo wenyeji wanaikwepa. Labda maji yanaingia, labda iko karibu na makaburi, labda kuna mtu alijiua mle ndani. Mwenyeji ana pa kwenda, atachagua. Mkimbizi hana. Atauliza bei, atafagia, ataweka godoro.

Tarehe 16 Mei 1856 mkimbizi mmoja Mfaransa, mwenye miaka 54, alinunua nyumba ya aina hiyo. Ilikuwa katika mji wa St Peter Port, kisiwani Guernsey, kisiwa kidogo kilicho chini ya taji la Uingereza. Nyumba yenyewe kubwa, ilijengwa yapata mwaka 1800, juu ya mlima unaotazama bandari. Lakini ilikuwa imekaa tupu muda mrefu, kwa sababu watu walisema kuna mwanamke aliyejiua humo na usiku bado anatembea. Jina la nyumba ni Hauteville House. Aliyeinunua ni Victor Hugo, mwandishi, akahamia humo na mkewe Adèle Foucher na watoto wao watatu.

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa kule Kongo na Burundi tulimkuta Hugo darasani, tukakaririshwa mashairi yake, tukamwona kama mzee wa ndevu nyeupe kwenye picha. Hakuna aliyetuambia kwamba huyu mzee aliishi ukimbizini miaka kumi na tisa. Na mkewe hatukuambiwa chochote juu yake. Mimi nataka kuwasimulia wote wawili, kwa sababu nyumba ni ya wawili, na mizuka ya nyumba ile haikuwatendea sawa.

Kwanza, walifikaje huko? Tarehe 2 Desemba 1851, Rais wa Ufaransa, Louis-Napoléon Bonaparte, alipindua katiba aliyoapa kuilinda, na mwaka uliofuata akajifanya Mfalme Mkuu, Napoléon wa Tatu. Hugo alikuwa mbunge. Alijaribu pamoja na wenzake kuwaamsha watu wa Paris wapinge, wakashindwa. Tarehe 11 Desemba akapanda treni ya usiku kwenda Brussels, Ubelgiji, amevaa kama kibarua, mkononi ana paspoti yenye jina la mtu mwingine, fundi wa kupanga herufi kiwandani. Mwezi uliofuata jina lake likatokea kwenye orodha ya wabunge 66 waliofukuzwa nchini.

Yeye ameondoka, je, mama wa nyumba? Adèle alibaki Paris. Wana wao wawili, Charles na François-Victor, walikuwa gerezani kwa ajili ya makala za gazeti. Yeye ndiye aliyewafuatilia watoto, na mwezi Juni 1852 vitu vyao vya nyumbani vikauzwa kwa mnada: viti, meza, vyombo, vitu vya ndoa ya miaka thelathini. Anayekimbia anakumbukwa. Anayebaki nyuma kufunga nyumba hakumbukwi sana, ingawa kazi yake ndiyo iliyo chungu.

Ubelgiji ni jirani mdogo wa Ufaransa, na jirani mdogo huwa anaogopa. Hugo alikuwa ameandika kitabu cha kumshambulia Napoléon wa Tatu, na kabla kitabu hakijasambaa akaondoka Brussels. Tarehe 5 Agosti 1852 akafika kisiwa cha Jersey, familia ikaungana tena. Wakapanga nyumba nyeupe ufukweni, iliyoitwa Marine Terrace. Jersey iko kilomita kama 22 tu kutoka pwani ya Ufaransa. Siku ya anga safi nchi unaiona. Wengi wenu mnaosoma hapa mnajua ubaya wa kuiona nchi yako ng'ambo ya maji.

Hapo Jersey ndipo mizuka ilipoanza, na ndipo inapobidi tutofautishe maneno. Kiswahili kinatupa mzuka, kile kinachomtokea mtu asichokijua, na kinatupa mzimu, roho ya mtu wenu aliyekufa. Ufukwe wa Marine Terrace ulikuwa na mzuka wake: wenyeji walimsimulia Mwanamke Mweupe anayezunguka pale usiku. Lakini Baba na Mama Léopoldine walikuwa wamekuja na mzimu wao.

Léopoldine alikuwa binti yao mkubwa. Tarehe 4 Septemba 1843 mashua ilipinduka katika mto Seine, pale kijiji cha Villequier, akazama pamoja na mumewe, Charles Vacquerie. Alikuwa na miaka 19, ndoa yao ina miezi michache tu. Baba yake alikuwa safarini pamoja na Juliette Drouet, mwanamke aliyekuwa naye nje ya ndoa. Habari aliisoma kwenye gazeti, mgahawani, katika mji wa Rochefort. Mazishi yalikuwa yamekwisha. Basi huyu ni mtu ambaye hakumzika mwanawe, na sasa ukimbizi ukamzuia hata kwenda kaburini.

Septemba 1853, miaka kumi baada ya msiba ule, rafiki yao kutoka Paris, mwandishi Delphine de Girardin, alikuja kuwatembelea. Akawaletea mtindo uliokuwa ukivuma wakati ule Marekani na Ulaya, wa kuongea na wafu kwa meza. Watu wanaweka mikono juu ya meza ndogo, mguu wa meza unagonga sakafu: pigo moja ni A, mawili ni B, hivyo hivyo mpaka neno linatimia. Siku za kwanza hakikutokea kitu. Tarehe 11 Septemba meza ikagonga, ikajitambulisha kuwa ni binti aliyekufa. Mama yake akalia. Usiku ule hakuna aliyekumbuka kulala.

Kuanzia hapo, kwa muda wa miaka miwili hivi, meza ikawa kama mgeni wa kila siku. Walikuja, eti, Dante, Musa, Yesu, Muhammad, Shakespeare, simba, hata punda wa Balaamu. Na wote walisema Kifaransa, tena Kifaransa kinachofanana mno na cha mwenye nyumba! Usiku mmoja wa Machi 1854 yule Mwanamke Mweupe aliahidi kutokea nje ya nyumba saa tisa usiku. Saa tisa kengele ya mlango ikalia. Hakuna aliyeshuka kufungua.

Mtu anaweza kucheka. Mimi sicheki, kwa sababu naangalia nani alikuwa anafanya nini. Mikono iliyokuwa juu ya meza mara nyingi ilikuwa ya Charles na ya mama yake. Hugo alikaa pembeni, akauliza maswali, akaandika majibu. Kwa baba, meza ikawa daftari. Aliyokuwa akiyasikia usiku, mchana yalimsukuma kuandika mashairi, mamia kwa mamia. Kwa mama, ilikuwa mlango ambao labda binti yake angeingia tena. Watu wawili, meza moja, na kila mmoja anatafuta chake.

Tena ukumbuke hali ya watu wenyewe. Jersey ilikuwa na wakimbizi wa siasa wengi, Wafaransa, Wapolandi, Wahungaria, Waitaliano. Wapelelezi walikuwa kati yao. Wengine walikuwa na njaa. Walikufa pia, na mwaka 1853 peke yake Hugo alihutubia kwenye makaburi ya wenzake zaidi ya mara moja, katika makaburi ya Macpela. Watu wanaozika wenzao ugenini, hawana habari ya kwao, hawajui lini watarudi: ajabu ni wao kusikia hodi usiku, au ajabu ingekuwa wasisikie?

Mwisho wa mambo haya ulikuja mwaka 1855, na haukuletwa na mizuka. Agosti ile Malkia Victoria alikwenda Paris kumtembelea Napoléon wa Tatu, maana Uingereza na Ufaransa walikuwa washirika katika vita vya Crimea. Gazeti la wakimbizi kisiwani, L'Homme, likachapa barua ya kumkejeli Malkia. Wenyeji wakakasirika, wakafanya mkutano, wahusika wa gazeti wakafukuzwa. Hugo hakuipenda barua ile, lakini aliona kuwafukuza watu kwa ajili ya maneno ni dhuluma. Akaandika tamko, wenzake zaidi ya thelathini wakatia sahihi. Wote wakaambiwa waondoke. Tarehe 31 Oktoba akapanda meli kwenda Guernsey, kisiwa jirani. Ndiyo kawaida: mwenyeji anakupokea vizuri mpaka siku utakayofungua mdomo.

Mara mbili alikuwa amehama, Ubelgiji kisha Jersey. Hakutaka ya tatu. Kwa sheria za Guernsey, mtu mwenye nyumba yake hakufukuzwa kirahisi kama mpangaji. Aprili 1856 kitabu chake cha mashairi, Les Contemplations, ambacho kiini chake ni kaburi la Léopoldine, kiliuzwa sana. Pesa zile zikanunua Hauteville House. Akawa mlipaji wa kodi ya kale ya kisiwa, iliyohesabiwa kwa kuku, inayokwenda kwa Malkia yule yule. Hebu tafakari: mzimu wa binti ndio uliotoa pesa, mzuka wa mwanamke asiyejulikana ndio uliofukuza wanunuzi wengine, na mkimbizi akapata paa na haki ya kubaki.

Meza zilikuwa zimeachwa. Mmoja wa wakimbizi waliokaa nao Jersey alikuwa amerukwa na akili, ikawatisha. Lakini katika nyumba mpya Hugo aliendelea kuandika kwenye madaftari yake kwamba usiku anasikia kugongwa chumbani. Hakuhama. Alifanya kazi. Alipamba nyumba kwa mikono yake, akachonga mbao, akapanga makabati ya zamani, akaandika maneno ya Kilatini ukutani. Kule juu paani akajengewa chumba cha vioo, akawa anaandika amesimama, macho yake yakitazama bahari na, hewa ikiwa safi, pwani ya Ufaransa. Katika nyumba ile aliifanyia kazi Les Misérables, iliyotoka 1862. Kwenye chumba cha kulia aliweka kiti kikubwa cha mababu, akakifunga kwa mnyororo asikalie mtu, na kukiandikia kwamba wasiokuwepo wapo. Nadhani hiyo ndiyo njia yake ya kuishi na mizuka: aliipa kiti.

Mama Léopoldine hakuwa na chumba cha vioo. Alikuwa na ngazi, ukungu, baridi, na mapambo ya mume kila ukuta. Juliette naye alikaa nyumba ya karibu, mtaa ule ule. Binti yao mdogo, aliyeitwa Adèle kama mama yake, alizidi kunyamaza na kuugua. Mama aliona kwamba mtoto ananyauka katika kisiwa kile, na Januari 1858 akamchukua wakaenda Paris kwa miezi kadhaa. Yeye hakuwa amekatazwa nchi. Aliyekatazwa ni mumewe. Hata hivyo alirudi Guernsey, akaandika kitabu cha maisha ya mumewe, kikachapishwa 1863 bila jina lake. Mwaka huo huo binti Adèle alitoroka kumfuata ofisa mmoja Mwingereza hadi Canada. Alirudi 1872, akili imeharibika.

Sasa tufike penye jambo zito. Tarehe 16 Agosti 1859 Napoléon wa Tatu alitangaza msamaha kwa wakimbizi wote. Wengi walirudi. Hugo akakataa, akasema atarudi siku uhuru utakaporudi. Dunia ilimsifu, na mimi namwelewa: kurejea chini ya mtu yule yule aliyekufukuza ni kukubali kwamba kosa lilikuwa lako. Kambini kwetu, karatasi za kurudi nyumbani kwa hiari zinapoletwa, maneno kama hayo tunayasikia kila siku. Lakini kiapo alikula mtu mmoja, na nyumba ilikuwa na watu watano. Kuanzia 1859 kilichowaweka kisiwani hakikuwa sheria tena. Kilikuwa neno la baba.

Adèle alijibu kwa miguu. Kuanzia mwaka 1865 alikaa zaidi Brussels, karibu na wanawe. Huko ndiko alikofariki tarehe 27 Agosti 1868. Alitaka kuzikwa Villequier, kando ya binti yake. Hugo, aliyekuwapo alipokufa, alilisindikiza jeneza kwa treni mpaka mpakani. Akasimama hapo. Hakuna askari aliyemzuia; msamaha ulikuwa na miaka tisa. Jeneza likavuka, yeye akageuka.

Alivuka miaka miwili baadaye. Tarehe 2 Septemba 1870 Napoléon wa Tatu alishindwa na Waprusia huko Sedan, Jamhuri ikatangazwa, na tarehe 5 Septemba Hugo akaingia Paris, watu wamejaa kituoni kumpokea. Kiapo chake kilikuwa kimetimia. Mtu wa kusema naye "tumerudi" hakuwapo.

Hauteville House bado ipo. Mwaka 1927 warithi waliikabidhi kwa mji wa Paris, na leo ni makumbusho. Yule mwanamke aliyejiua, ambaye kwa ajili yake nyumba ilikuwa tupu, hakuna anayemuuliza tena. Watu wanakuja kuona chumba cha vioo na kile kiti chenye mnyororo. Kaburi la Adèle liko Villequier, karibu na la Léopoldine. La mumewe halipo pale. Yeye yuko Paris, ndani ya Panthéon, tangu 1885.