Uzi mnene wa litungu: miaka ya kutafuta sauti nzuri Tarime na Serengeti

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hesabu za Hazina zilizowekwa kwenye mashine zilikuwa zimevurugika, pesa za kigeni zilikuwa chache, na kompyuta ikahesabiwa pamoja na televisheni kuwa kitu ambacho nchi ingeweza kuishi bila kuwa nacho. Marufuku hiyo ilikuja kuondolewa miaka ya 1990. Kijana wa Sirari wilayani Tarime, au wa Mugumu wilayani Serengeti, anayechomeka spika kwenye kompyuta mpakato leo anatumia chombo ambacho baba yake, alipokuwa na umri huohuo, asingeweza kukiagiza hata kama fedha angekuwa nazo.

Hata hivyo, hamu ya sauti nzuri haikuisubiri kompyuta. Katika wilaya hizi mbili za mkoa wa Mara watu wamekuwa wakichagua vyombo vya muziki kwa ukali tangu redio za kwanza zilipoingia, na malalamiko yao yamekuwa yaleyale kila kizazi: chombo hakina besi. Naamini wana haki, na ninaamini chanzo cha ukali huo ni litungu.

Litungu ni kinubi kikubwa cha Wakurya chenye nyuzi nane. Bakuli lake ni la mti, limewambwa ngozi. Juu yake imesimama mikono miwili iliyofungwa mti wa kukingama, na nyuzi zinashuka kutoka mti huo hadi kwenye ngozi. Ukikaa karibu na mpigaji unasikia sauti mbili kwa pamoja. Nyuzi nyembamba zinazungumza, zinajibizana na mwimbaji neno kwa neno. Nyuzi nene zinavuma, na ndani ya mvumo huo kuna mkwaruzo unaoukuta pia kwa binamu zake wa jirani, obokano ya Wakisii na nyatiti ya Wajaluo. Weka kiganja juu ya bakuli, utahisi ngozi ikitetemeka. Wachezaji waliovaa viatu vizito vya mti wanapoipiga ardhi, mshindo unakuingia kwa nyayo. Aliyeulea usikivu wake hapo hatadanganywa na spika ya ukubwa wa kifuniko cha birika.

Na spika za kwanza zilikuwa hivyo hasa. Utangazaji wa Sauti ya Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, na mwaka 1965 kituo cha taifa kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Redio za transista zilizoenea vijijini miaka hiyo zilitumia mawe makubwa ya betri ya volti moja na nusu. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na betri za National zikawa bidhaa ya kila duka. Betri zikichoka zilianikwa juani ili zimalizie taarifa ya habari. Muziki uliosikika ulikuwa umepunguzwa pande zote mbili. Vituo vya masafa ya kati vimepangwa kwa kuachiana nafasi ndogo, kilohezi 9 tu, kwa hiyo ukali wa juu wa matoazi na nyuzi nyembamba hukatwa. Chini nako spika ndogo haiwezi kusukuma hewa ya kutosha. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutikisika mara 41 kwa sekunde. Spika ya redio ya mkononi huanza kunyamaza hata kabla ya kushuka hadi mara 150. Watu waliufuata wimbo kwa sababu ubongo una uwezo wa kukisia sauti nene iliyokosekana kutokana na vivuli vyake vya juu. Kukisia huko kulitosha kwa maneno ya wimbo, lakini mwili haukupata mtikisiko wowote.

Aliyeonyesha vizuri kilichokuwa kikipotea ni mwana wa hapohapo. Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 kijijini karibu na Shirati, eneo lililokuwa upande wa Tarime kabla Rorya haijawa wilaya yake mwaka 2007. Alivuka kwenda Kenya, akaanzisha bendi iliyokuja kujulikana kama Shirati Jazz, na akawa mmoja wa wafalme wa benga hadi alipofariki kwa ajali ya gari Kisumu mwaka 2006. Katika benga gitaa la besi halikai nyuma likiitikia. Linakimbia, linaruka, linabishana na gitaa la solo. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu yake ya Piny Ose Mer, na wasikilizaji wa Ulaya wakausikia muziki huo kwenye mitambo mikubwa ya nyumbani, huku wengi wa watu wa kwao wakiendelea kuusikia kwenye redio ya betri mbili. Hilo linaniuma hadi leo kila nikiusikiliza.

Vyombo vya muziki vilipita Sirari, mpakani na Kenya. Santuri zilitoka Nairobi, ambako hata nyimbo nyingi za bendi za Tanzania zilizorekodiwa studio za RTD zilikwenda kuchapishwa, kwa kuwa nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri. Kisha mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa karibu miaka saba kila kilichovuka kwa njia za panya kilikuwa magendo, na mwaka uleule wa 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi ambao uliwafanya watu nchini kote kufukia na kutupa vitu ambavyo wasingeweza kueleza walivipataje. Mtu wa Tarime alikuwa na ndugu wa ukoo mmoja ng'ambo ya pili, mwendo wa miguu, lakini kumletea sindano ya gramafoni ilikuwa kosa.

Mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti, ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa bila kuulizwa sana zilikotoka. Hapo redio kaseti zikafurika. Kaseti yenyewe Philips walikuwa wameionyesha Berlin mwaka 1963, lakini kwa familia nyingi za huku zama zake zilianza baada ya mpaka kufunguliwa. Redio kaseti kubwa ya spika mbili ilikuwa na kitu ambacho transista haikuwa nacho: boksi lenye nafasi ya hewa. Besi ikaanza kusikika. Kwa bahati mbaya kanda ilikuja na ugonjwa wake. Utepe ule hupita mbele ya kichwa kwa kasi ya chini ya sentimita 5 kwa sekunde, na kila unapodabu kanda kutoka kanda nyingine, mchakacho unaongezeka na ukali wa juu unafifia. Wimbo uliofika Mugumu ukiwa umedabiwa mara nne ulisikika kama umefunikwa blanketi. Waliojua walisafisha kichwa kwa pamba na spiriti, wakarudisha utepe uliolegea kwa kuzungusha peni ya Bic kwenye tundu la kaseti, na wakamsihi mwenye kanda ya kwanza awape hiyo yenyewe, siyo nakala ya nakala.

Kompyuta nayo ilikuwa bubu kwa muda mrefu. IBM PC ya mwaka 1981 iliweza kulia mlio mmoja tu kwa wakati mmoja. Aliyebadilisha mambo ni Sim Wong Hoo wa Singapore, ambaye kampuni yake ya Creative ilitoa kadi ya Sound Blaster mwaka 1989. Mwaka 1997 Intel ilitoa utaratibu wa kuweka sauti kwenye ubao mkuu wenyewe kwa gharama ndogo, na tangu hapo karibu kila kompyuta ikawa na tundu la spika. Wakati huohuo watafiti wa Fraunhofer nchini Ujerumani, Karlheinz Brandenburg akiwa miongoni mwao, walikuwa wamekamilisha MP3, njia ya kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi. Sidii hubeba kilobiti 1,411 kila sekunde. MP3 ya kawaida ya miaka ile ilibeba 128, sawa na sehemu moja ya kumi na moja.

Huku kwetu hesabu hiyo ilipokelewa kwa furaha, kwa sababu memori kadi za simu zilikuwa ndogo. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002 na Nyamongo, ulipo mgodi huo, ikajaa vijana wenye fedha mfukoni. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007 na nguzo za umeme zikasogea vijijini. Mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Kati ya hayo yote kukazaliwa vibanda vya steshenari ambako ulitoa simu, ukalipa, na kijana akakuingizia nyimbo kutoka kwenye kompyuta. Ili ziingie nyingi zilikandamizwa tena, na faili iliyokwisha kukandamizwa ikikandamizwa mara ya pili hupoteza sana. Ugonjwa wa kudabu ukarudi kwa jina jingine.

Mwisho ikaja sabufa, boksi moja kubwa na spika ndogo mbili za pembeni, lenye tundu la flashi, redio na rimoti. Naelewa kwa nini ilishinda. Baada ya nusu karne ya vijispika, hatimaye kuta zilitikisika. Lakini sabufa nyingi za bei ya chini zimetengenezwa zivume kwenye noti moja. Boksi lina mlango wa hewa, na mlango huo ukiwa haulingani na spika, noti moja inalipuka na zilizo jirani zinapotea. Neville Thiele na Richard Small, wahandisi waliofanya kazi Australia, walionyesha tangu mwaka 1961 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 jinsi ya kukokotoa ujazo wa boksi na urefu wa mlango kulingana na spika iliyomo. Fundi seremala mwenye kanuni hizo anaweza kutengeneza boksi zuri kuliko mengi yanayouzwa.

Kipimo cha dukani ni rahisi. Usikubali wimbo wa muuzaji. Beba wa kwako kwenye flashi, benga au rumba ambayo besi yake inapanda na kushuka, na usikilize kama kila noti inasikika kwa uzito unaolingana. Kama moja inakupiga kifuani na ya pili haipo, rudisha. Baada ya hapo weka litungu. Uzi mnene uvume bila kumfunika mwimbaji.

Mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu anunue spika mbili za mezani zenye amplifaya ndani, au hedifoni nzuri ikiwa nyumba ni ya chumba kimoja. Huko ndiko tofauti kubwa iliko. Aziweke kimo cha masikio na mbali kidogo na kona, kwani kona huvimbisha besi. Nyumba ya sakafu ya saruji na paa la bati huongeza mwangwi. Pazia zito, godoro au kochi lililowekwa ukuta wa mbele ya spika hupunguza mwangwi huo kuliko kifaa chochote cha dukani.

Baada ya spika, sikiliza kama kuna mngurumo wimbo ukiwa kimya. Mara nyingi mngurumo huo unatokana na umeme usio na waya wa ardhi, chaja ya kompyuta, au inveta ya sola ya bei nafuu. Chomoa chaja, kompyuta itumie betri yake. Mngurumo ukikoma, umempata mwizi. Kadi ya sauti ya nje inayochomekwa USB nayo husaidia, maana inaitoa sauti nje ya kelele za ndani ya kompyuta. Kutumia fedha nyingi kwenye kadi hiyo huku spika zikiwa duni ni kupoteza.

Jambo linalonigusa zaidi ni kurekodi. Nyimbo nyingi za litungu za sasa zimerekodiwa kwa simu katikati ya sherehe. Maikrofoni ya simu hupunguza besi kwa makusudi ili maneno yasikike, tena hujishusha yenyewe kila viatu vya mti vinapogonga. Kinasa sauti kidogo kilichowekwa hatua mbili au tatu mbele ya bakuli, kikarekodi faili ya WAV bila kujirekebisha chenyewe, kinaushika uzi mnene wote. Nakala ya MP3 itengenezwe baadaye kwa ajili ya simu, na ile ya kwanza itunzwe kwenye diski mbili, moja kwa mpigaji na nyingine kwa aliyerekodi.