Inafunguka, halafu kimya

Wiki jana nusura nilie mbele ya kompyuta. Mahojiano ya dakika 40, mzee mwenyewe kishasafiri, mhariri ananipigia simu kila baada ya muda. Nabofya faili mara mbili, programu ya muziki inafunguka, orodha tupu. Kimya. Nikajua kinasa sauti kimenimaliza. Kwa kukata tamaa nikaliburuta faili mpaka ndani ya ile programu, mzee akaanza kuongea!

Kumbe faili zima. Natumia Linux, na ugonjwa huu una historia yake. KDE ilianza mwaka 1996, GNOME mwaka 1997, na kila kambi ilikuwa na taratibu zake. Mwaka 2000 Havoc Pennington akaanzisha freedesktop.org ili kambi hizo zielewane. Ndiko yanakotunzwa makubaliano ya faili dogo la maandishi lenye mkia wa .desktop: jina la programu, aina za mafaili inayofungua, na amri ya kuiamsha, kwenye mstari wa Exec. Mstari huo unatakiwa ubebe alama: %f kwa faili moja, %F kwa mengi, %U kwa anwani. Ikikosekana, programu inaweza kuamshwa bila kuambiwa imeitiwa nini. Ni kama mtoto aliyetumwa dukani bila kutajiwa cha kununua.

Yangu haikuwa nayo. Nikanakili faili hilo kwenye ~/.local/share/applications, nikaongeza %U. Herufi mbili tu, jamani! Habari ilifika kwa mhariri saa kumi na moja na nusu jioni.