Bangi haina mpaka, lakini sheria iko nao



Katika mikutano yetu ya mwisho neno moja lilirudi mara nyingi, zaidi upande wa vijana: "Bangi sasa wanairuhusu ku dunia." Anayesema hivyo amesikia habari ya Kanada, ao ndugu yake aliyepelekwa Marekani amemutumia picha ya duka. Kwa chama chetu hilo si neno la mchezo. Karibu kila familia iko na mtu Kigoma, Bujumbura, Kigali ao mbali zaidi, na watu wanavuka kila wiki. Ndiyo sababu tuangalie historia: hii sheria ilitoka wapi, na kwa nini inabadilika ukivuka mto tu.

Mmea wenyewe si wa jana. Neno "bangi" lilitoka India, likapita kwa wafanyabiashara wa pwani mpaka huku kwetu. Upande wa Kasai wanasema diamba. Mwaka 1881 Wajerumani Pogge na Wissmann walipofika kwa Bashilange, walikuta watu wanajiita Bena Diamba, ni kusema watu wa bangi. Chini ya mkubwa wao Kalamba Mukenge, kuvuta pamoja kulikuwa alama ya urafiki na ya kuacha vita kati ya vijiji. Hatusemi hivyo ili kuisifu. Tunasema tu kwamba wakati ule hapakuwa mtu wa duane aliyeuliza una nini kwenye mzigo.

Sheria ya dunia yote ilikuja nyuma, na haikuanzia kwetu. Mwaka 1923 serikali ya Afrika Kusini, ya wazungu wachache, iliomba Shirika la Mataifa liweke bangi kati ya vitu vya hatari. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa Geneva uliokuwa juu ya afyuni, mjumbe wa Misri, El Guindy, alisimama kuomba hashishi nayo iingizwe. Mapatano ya 1925 yakaitaja bangi. Mwaka 1961 Umoja wa Mataifa ulikusanya yote katika mapatano moja ya New York, na nchi ambazo watu walikuwa wanavuta tangu zamani zilipewa miaka 25 tu ya kumaliza desturi hiyo. Nchi nyingi zetu zilikuwa zinapata uhuru siku zile zile. Zikaikuta sheria tayari mezani.

Halafu mambo yakaanza kuachana. Mwaka 2012 wapiga kura wa Colorado na Washington, Marekani, waliruhusu bangi kwa watu wazima. Uruguay ikafuata 2013. Mwaka 2018 Kanada ikafungua maduka, na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema mtu mzima anaweza kuvuta nyumbani kwake, lakini kuuza bado ni kosa. Desemba 2020, huko Vienna, kura 27 kwa 25 zilitoa bangi katika orodha kali kuliko zote ya mapatano ya 1961. Hapo ndipo wengi walisikia vibaya. Bangi ilibaki katika orodha ya kwanza, na kila nchi ilibaki na sheria yake.

Angalieni jirani zetu. Tanzania ilitunga sheria mpya ya dawa za kulevya mwaka 2015, ikaikaza 2017. Kusafirisha bangi kunaweza kukupa kifungo cha maisha, na mizigo midogo imewapa watu miaka 30. Rwanda, katika sheria ya 2018 na agizo la wizara la 2019, inaihesabu kati ya dawa kali sana: anayeuza ao kusafirisha anaweza kufungwa maisha na kulipa faini ya franka milioni 20 mpaka 30. Na Rwanda hiyo hiyo, tangu 2021, inatoa ruhusa ya kuilima kwa ajili ya dawa za hospitali na kuuza nje. Mmea ni ule ule. Kinachotenganisha mkulima na mfungwa ni karatasi. Ukienda mbali, ni kali zaidi: Singapore inaweza kumunyonga aliyesafirisha zaidi ya gramu 500.

Ndugu zetu walio Marekani nao wasikie vizuri. Jimbo linaweza kuruhusu, lakini sheria ya serikali kuu ya 1970 bado inakataza, na mambo ya uhamiaji yako mikononi mwa serikali kuu. Asiyekuwa raia, hata akiwa na kadi ya ukaaji, anaweza kuhatarisha makaratasi yake kwa kitu ambacho jirani yake raia ananunua dukani. Tangu 2019 ofisi ya uhamiaji imeandika wazi kwamba hata kazi katika duka la bangi inaweza kumuzuiza mtu kupata uraia.

Kwa hiyo, mbele ya kuvuka, kwa mtumbwi ao kwa gari:

Usibebe koli ya mtu bila kuifungua wewe mwenyewe na kuona kila kitu. "Ni ya shangazi yake" si jibu mbele ya polisi. Aliyekamatwa na mzigo ndiye anaulizwa wa kwanza.

Usiulize "wanavuta kule?" Uliza "sheria yao inasema nini?" Hayo ni maulizo mawili.

Ukikamatwa inje ya nchi, usitie sahihi ku karatasi usiyoielewa. Omba mkalimani na avoka. Mapatano ya Vienna ya 1963 yanakupa haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe. Mkimbizi aombe ofisi ya HCR.

Sisi tunajua kupoteza miaka mbali na nyumba. Tuliipoteza kambini bila kosa letu, na hakuna aliyeturudishia. Mtoto aliyerudi na sisi kutoka kambi asiende kumaliza ujana wake gerezani juu ya mfuko ambao hata haukuwa wake. Wazazi, someni hii kwa sauti nyumbani, mbele ya likizo kuanza.