Jina Jipya la Kiini

Msomaji, umepata kumwona mtu akizuiwa mlangoni kwa sababu amebadili jina, hali ni yule yule wa jana? Jambo la namna hiyo liliupata mfumo wa Linux katika mwaka wa 2011.

Kila tarakilishi ina kiini, yaani ile programu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu na kuzipa programu nyingine zamu zao za kazi. Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Kanuni moja ameishika kwa ukali: kiini kikibadilika, programu iliyofanya kazi jana isivunjike leo. Tangu Desemba 2003 matoleo yake yaliitwa 2.6, na tarakimu ya mwisho ikapanda hata ikafika 2.6.39. Torvalds aliona zimekua mno, akaamuru toleo la Julai 2011 liitwe 3.0. Badiliko kubwa halikuwamo. Lilikuwa jina tu.

Mtu atakaye kujua kama programu zake zitapatana na kiini kipya hukisimika kando ya kile cha zamani, wala hakifuti. Tarakilishi ikiwashwa huonyesha orodha ya viini, naye huchagua. Kipya kikimshinda, huiwasha upya akarudi kwa kile alichokizoea. (Hii ni busara, usiidhanie kuwa woga.) Basi waliojaribu hivyo waliona ajabu: programu kadhaa ziligoma, si kwa kuwa kazi ilizishinda, bali kwa kuwa ziliuliza jina la kiini zikitazamia 2.6, zikajibiwa 3.0.

Kosa lilikuwa la nani? Mimi nasema ni la walioziandika, maana walipima jina badala ya kupima kazi. Lakini baadhi ya programu hizo ziliuzwa bila maandishi yake ya asili, hata mwenye kuzinunua hakuweza kuzirekebisha. Je, aadhibiwe yeye?

Wasimamizi wa Fedora 15 walikitoa kiini hicho kwa jina la 2.6.40. Kisha katika toleo la 3.1, Oktoba 2011, ikatiwa njia ya kuianzisha programu kaidi ili ikiuliza, iambiwe 2.6.41. Programu nyingine zote, katika tarakilishi hiyo hiyo, ziliendelea kuambiwa 3.1.